Madaftari 417 ya Mwalimu wa West Indies

Nilikuwa nimekwenda mtaa wa West Indies, Eldoret, kwa shughuli nyingine kabisa, mvua ikanizuia. Mwalimu mmoja wa chekechea akanikaribisha kwake nijikinge, akanimiminia chai. Alipokuwa akisogeza vitu mezani ili kikombe kipate nafasi, daftari likaanguka miguuni pangu, likafunguka. Tangu siku hiyo halijanitoka akilini.

Ni daftari la kawaida la shule, lile la kurasa 96. Kwenye jalada, mahali pa kuandika somo, ameandika: Katiba. Ndani, kila ukurasa umepigwa mistari ya wima kwa rula na kalamu nyekundu, ikatoka safu tano: jina, nambari ya kitambulisho, kituo cha kupigia kura, sahihi, tarehe. Majina yako kwa mwandiko wa Mwalimu, herufi zimesimama wima kama za ubaoni. Sahihi ni za wenyewe. Kuna zilizozungushwa kwa madaha, kuna jina la kwanza tu lililochorwa polepole kwa mkono uliozoea jembe kuliko kalamu. Na pana alama moja ya dole gumba, wino wa buluu, imepinda kidogo nje ya mstari. Ni ya nyanya wa mtoto mmoja, Mwalimu akanieleza. Alikuja na kitambulisho amekifunga kwenye ncha ya leso.

Anachotaka Mwalimu ni kifungu kimoja cha maneno kihamishwe: chekechea itoke kwa kaunti, iende kwa serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa serikali ya kitaifa shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu. Chekechea ikaenda kwa kaunti, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Mtoto wa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, ni wa kaunti. Januari ikifika, akiingia Gredi ya 1, anakuwa wa taifa, pengine katika kiwanja kile kile. Mwalimu wake mpya wa shule ya umma yuko chini ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Yule aliyemfundisha kushika kalamu, mshahara na kandarasi yake vinategemea kaunti aliyomo. Mwalimu anasema kengele ni moja, vumbi la chaki ni moja, ila mwisho wa mwezi kila mmoja ana mlango wake wa kubisha.

Nikamuuliza kwa nini asiandike ombi tu kwa Bunge, maana Katiba inamruhusu kila mtu kufanya hivyo. Akatikisa kichwa. Ombi, anasema, unalipeleka kisha unakaa kungoja huruma ya mwenye meza. Yeye amekisoma Kifungu cha 257, kinachompa mwananchi njia ya kuibadilisha Katiba yenyewe. Kinataka sahihi za wapiga kura milioni moja waliosajiliwa. Si lazima hata uanze na mswada wa wanasheria: pendekezo la kawaida linatosha kuanzia, mradi baadaye liandikwe kama mswada. Tume ya uchaguzi, IEBC, inathibitisha sahihi, kisha mabunge ya kaunti yanapewa miezi mitatu. Yakikubali 24 kati ya 47, mswada unakwenda Bunge la kitaifa na Seneti.

Hesabu ameipiga mwenyewe, nyuma ya jalada. Mistari 25 kwa ukurasa, kurasa 96, ni watu 2,400 kwa daftari. Milioni moja inahitaji madaftari 417. Sahihi moja ikichukua dakika moja, ni karibu miaka miwili ya kuandika usiku na mchana bila kulala. Yeye amejaza kurasa tisa.

Waliowahi kuijaribu njia hii walikuwa na vyama, magari na pesa. Okoa Kenya ya muungano wa CORD ilikwama mwaka 2016, IEBC iliposema sahihi halali ni 891,598. Punguza Mizigo ya Ekuru Aukot ilivuka milioni moja mwaka 2019, ikaangushwa na mabunge ya kaunti, ingawa la hapa Uasin Gishu liliipitisha. BBI, mpango uliosukumwa na Rais wa wakati huo, ilipata sahihi na mabunge zaidi ya 40, lakini Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikaizima, ikisema Rais hawezi kuanzisha mpango ambao Katiba imeuweka mikononi mwa wananchi. Mwalimu anaikumbuka hukumu hiyo kwa furaha. Anasema siku ile alihisi ametajwa yeye.

Lakini kuna fundo ambalo hata yeye hajalifungua. Mabunge ya kaunti ndiyo yatakayoulizwa kama kaunti zipokonywe chekechea. Nani anayepiga kura ya kupunguza mamlaka yake? Na je, kuihamisha ni kugusa muundo wa ugatuzi, jambo ambalo haliwezi kupita bila kura ya maamuzi? Tena haki itendeke: kaunti nyingi zimejenga madarasa ya chekechea mahali ambapo zamani watoto walikaa chini ya mti. Mwalimu hakatai. Anachouliza ni kwa nini mtoto yule yule apewe serikali mbili kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Mvua ilipopungua nililifungua tena daftari. Baada ya ukurasa wa tisa hakuna majina, lakini mistari myekundu inaendelea hadi jalada la mwisho. Kurasa zote ameshazipiga rula.

Nikamuuliza kuhusu ile alama ya dole gumba. Akasema nyanya, kabla ya kugusa wino, alitaka kujua jambo moja: sheria hiyo ikibadilika, mjukuu wake atakuwa bado yuko chekechea? Mtoto hukaa humo miaka miwili tu, PP1 na PP2. Mwalimu hakumdanganya. Akamwambia hapana, mama, huyu atakuwa ameshapita.

Nyanya akanyamaza kidogo, kisha akabonyeza kidole.