Upasuaji Usiopasua: Endoskopia na Istilahi Zake

Nomino upasuaji imetokana na kitenzi pasua, na maana ya kitenzi hicho haijafichika: aliyepasuliwa amefunguliwa mwili kwa kisu. Mgonjwa wa Goma anayeambiwa kuwa atapasuliwa huelewa hivyo, na kwa maana hiyo hutoa au hunyima ridhaa yake. Hata hivyo, tiba ya magonjwa ya tumbo na utumbo inazidi kuiacha maana hiyo.

Neno endoskopia lina asili ya Kiyunani: endo, ndani, skopein, kutazama. Mwanzoni kazi ilikuwa kutazama tu. Mwaka 1868 Mjerumani Adolf Kussmaul alipitisha bomba lililonyooka hadi tumboni mwa mtu aliyezoea kumeza panga mazingaombweni (mgonjwa wa kawaida asingestahimili). Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alionyesha huko Marekani bomba la nyuzi za kioo linalopindika. Baadaye zikaongezwa kamera ndogo na njia ya kupitishia koleo, sindano na waya wa umeme. Basi kinyama kilichoota utumboni hukatwa, na kidonda kinachovuja damu huzibwa. Mwaka 2008, nchini Japani, Haruhiro Inoue aliukata msuli wa umio uliokataa kulegea kwa kupitia kinywani, pasipo jeraha lolote juu ya ngozi.

Laparoskopia ni jamaa yake, ila yenyewe huingia kwa matundu madogo ya tumboni. Huko Bukavu, upande wa pili wa Ziwa Kivu, Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi na Mbelgiji Guy-Bernard Cadière wameitumia kutibu fistula.

Kwa kuwa udaktari nchini Kongo hufundishwa kwa Kifaransa, istilahi za fani hii humfikia mgonjwa kwa ufafanuzi: "tutapitisha kamera". Ufafanuzi huo unatosha kwa uchunguzi. Kwa tiba, unaficha jambo zito, kwani chombo kinachokata kinaweza pia kuutoboa utumbo, na aliyeridhia kutazamwa hajaridhia kukatwa. Afadhali kutaja njia na tendo kwa pamoja: kukatwa kwa kupitia kinywa, kukatwa kwa matundu.

Kupasua kwenyewe hakujaisha kazi. Januari 2025, majeruhi wa risasi walipofurika katika Hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, kitenzi hicho kilihitajika kwa maana yake ya zamani: tumbo lililotobolewa na risasi na kuvuja damu halingojei kamera.