Kutoboa Inoksi bila Kuvunja Meshi

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Karibuni tena kutoka hapa Kamembe, wilaya ya Rusizi. Nawasalimu mlioko kambi ya mpito ya Nyarushishi, pamoja na ninyi mliokwisha kuhamishiwa kambi nyingine.

Juzi jirani yangu, mama wa watoto watatu, aliniletea sufuria ya inoksi iliyong'oka mkono. Uji wa moto ulikuwa umemwagika hatua moja tu kutoka alipoketi mtoto. Kazi ilikuwa ndogo: matundu mawili, ribiti mbili. Nikashika drili, nikavunja meshi zangu zote mbili, na tundu sikupata. Fundi mmoja wa mjini alinicheka kwanza, halafu akanifundisha. Aliyonifundisha nawaletea leo.

Inoksi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Hiyo ndiyo inayozuia kutu. Lakini inoksi ina tabia yake: ukiisugua bila kuikata, inazidi kuwa ngumu papo hapo. Tena haisambazi joto upesi, kwa hiyo joto linabaki kwenye ncha ya meshi. Ncha inaungua, inakuwa butu, nawe unasukuma zaidi. Mara, pa! Imekatika.

Basi tufuate hatua hizi.

Kwanza, meshi. Iwe kali, yenye alama ya HSS. Yenye kobalti ni bora zaidi. Iingize ndani ya drili ili ibaki fupi nje, kwani ikiwa ndefu hupinda.

Pili, alama. Gonga kidogo, mara moja, kwa chuma kigumu chenye ncha, ili meshi isiteleze. Ukigonga sana, unaikaza inoksi pale pale unapotaka kutoboa.

Tatu, funga kazi yako. Weka ubao nyuma yake na uibane kwa jiliwa. Usiishike kwa mkono: ikizunguka, inakata vidole. Vaa miwani, lakini vua glavu, maana drili inaweza kuzivuta.

Nne, mafuta. Matone ya mafuta ya kupikia yanafaa. Ongeza yakikauka.

Tano, mwendo. Meshi ya milimita 3 inatosheka na mizunguko 800 hadi 1,000 kwa dakika, kwa hiyo usibane swichi yote. Drili ya kuzungusha kwa mkono inafaa pia. Sukuma wima, kwa nguvu isiyobadilika, mpaka uone nyuzi ndogo za chuma zikitoka. Ukiona moshi, au hakuna kinachotoka, simama! Meshi inasugua, haikati. Inoe au weka nyingine. Pakikataa, jaribu kutokea upande wa pili.

Sita, ukikaribia kutokeza, punguza nguvu. Hapo ndipo meshi nyingi hukatika. Mwisho piga tupa kwenye kingo, na uoshe sufuria vizuri kabla ya kupika, chembe za chuma zisiingie kwenye chakula.

Sufuria ya jirani imepona, na safari hii meshi moja ilitoboa matundu yote mawili. Vijana mnaotengeneza vyombo, mnajua meshi moja inaweza kumeza pesa ya kazi nzima. Kumbukeni neno hili moja: meshi ikizunguka, lazima ikate. Isipokata, simamisha.

Kwa leo ni hayo tu. Kaeni salama.

(Muziki wa kufunga)