Kuvua Samaki kwa Ndoana Katika Mito Yetu



Kila Jumamosi wanafunzi wetu huonekana wakiteremka mtoni, huyu na fito begani, yule na kopo la nyungunyungu mkononi. Jioni wengi hurudi na kopo tupu na maneno mengi. Wapo wasemao kuwa mito ya Njombe haina samaki, na wapo wailaumuo bahati. Mimi nasema kuvua ni elimu kama hesabu ilivyo elimu, na asiyejua kanuni zake hupata jibu la makosa. Tena iko njia moja ya mkato ambayo baadhi yenu mwaijua, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nitaieleza mwishoni, kwanza tujifunze kazi yenyewe.

Maji yetu

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai umande huweza kugeuka barafu nyasini. Mto Ruhuji, wenye maporomoko ayajuayo kila mgeni wa mji huu, huteremka mpaka bonde la Kilombero. Maji ya upande wa Wanging'ombe na nyuma ya Makambako huelekea kwingine, yakishuka kwa mto Mbarali na Ruaha Mkuu mpaka Usangu na Bwawa la Mtera. Hata hivyo, maji hayo yaliyoachana hapa kwetu hukutana tena katika mto Rufiji, hupita Bwawa la Julius Nyerere, kisha huingia baharini mbele ya kisiwa cha Mafia. Basi kila tulitendalo mtoni hapa, kuna mtu wa chini anayelipokea.

Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Joto la maji ndilo joto lake. Maji yakipoa, chakula husagika polepole tumboni mwake, na hamu ya kula hupungua. Ndiyo maana mvuvi wa Kilombero hupata samaki wakubwa mwaka mzima, na mvuvi wa Njombe hana budi kutumia akili zaidi.

Samaki tuwatafutao

Katika vijito vya baridi wako samaki wadogo wenye ndevu fupi mdomoni, wa ukoo ambao wataalamu waliuita barbus. Wengi hawazidi urefu wa kidole, lakini hukaa makundi makundi, na ndio wa kujifunzia. Yuko pia mdogo mwingine, wa jamii moja na kambale, akaaye chini ya mawe penye maji ya kasi. Huyo hushikamana na jiwe asichukuliwe na mkondo.

Perege hupenda maji ya uvuguvugu. Hustawi katika nyuzi 25 mpaka 30 za Sentigredi. Chini ya nyuzi 20 hazai, na yakizidi kupoa huacha kula. Hivyo mtafuteni mabondeni na katika mabwawa yapigwayo na jua. Perege wengi wa kike huatamia mayai kinywani, na hata vifaranga vyao hukimbilia humo viogopapo.

Kambale ni mvumilivu kuliko wote. Ana kiungo maalumu juu ya mashavu kimwezeshacho kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana huishi katika tope ambalo wengine wangekufa. Mvua za kwanza zinapofurika hutoka mtoni kwenda kutaga mayai katika maji haba ya majanini. Mapezi yake ya kifuani yana miiba migumu. Mshikeni nyuma ya kichwa, la sivyo mtajuta.

Trauti si mwenyeji. Mmoja wa aina zake asili yake ni Ulaya, na mwingine, mwenye mstari mwekundu ubavuni, asili yake ni magharibi ya Marekani ya Kaskazini. Waingereza waliwaleta wakati wa ukoloni wakawapanda katika mito ya baridi ya Nyanda za Juu Kusini, kama ile ya Mufindi. Trauti hupenda maji safi ya nyuzi 10 mpaka 16. Yakipita 20 hutaabika.

Mwenye ndugu Ifakara atakutana na samaki mwingine kabisa: mrefu, wa rangi ya fedha, mwenye meno yaonekanayo hata akifumba kinywa. Huyo alitambuliwa na wataalamu kuwa aina ya pekee mwaka 1986, akapewa jina la kisayansi lenye jina la Tanzania ndani yake. Mshipi wa nailoni kwake ni kama uzi wa kushonea. Kati ya mshipi na ndoana hapana budi kutia waya mwembamba.

Vyombo

Fito nzuri haihitaji fedha. Kateni mwanzi mwembamba ulio mnyoofu, wa mita tatu hivi, mwuanike kivulini majuma mawili au matatu. Ukianikwa juani hupasuka. Ncha iwe nyepesi na yenye kupinda, kwa maana kupinda kwake ndiko kumchoshako samaki na kuzuia mshipi usikatike.

Ndoana ni chombo cha kale sana. Katika pango la Sakitari, kisiwani Okinawa, Japani, zilipatikana ndoana za kombe zenye umri wa miaka 23,000 hivi. Zetu ni za chuma, nazo huuzwa kwa namba. Kumbukeni kuwa namba ikizidi kuwa kubwa, ndoana huzidi kuwa ndogo. Kwa barbus wadogo tumieni namba 14 au 16. Kwa perege namba 8 au 10. Kwa kambale namba 2 au kubwa kuliko hiyo. Kosa la wanafunzi wengi ni kutumia ndoana ya kambale kwa samaki ambaye kinywa chake hakimezi hata punje ya mahindi.

Fundo nalo hupoteza samaki wengi. Pitisheni ncha ya mshipi katika tundu la ndoana, mwizungushe mara tano juu ya mshipi wenyewe, kisha mwirudishe katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu. Kabla ya kukaza, lilowesheni fundo kwa mate. Nailoni ikikazwa kavu hupata moto kwa msuguano, ikadhoofika mahali pale pale panapotakiwa nguvu.

Juu ya mshipi fungeni boya la kipande cha bua kavu, na chini, umbali wa shubiri moja kutoka kwenye ndoana, fungeni chubwi. Nati ndogo ya baiskeli yatosha. Boya likisimama wima, uzito umelingana. Likizama lenyewe, punguzeni.

Chambo

Kanuni ni moja: mpeni samaki kile ambacho mto wenyewe humpa wakati ule. Novemba na Desemba, kumbikumbi warukapo, mtieni kumbikumbi. Machi na Aprili, nyasi zikiwa ndefu, panzi huanguka majini kila upepo uvumapo. Wakati wa baridi geuzeni mawe ya kijitoni. Wadudu wachanga mtakaowakuta chini yake ndicho chakula cha samaki siku ile. Nyungunyungu hufaa karibu majira yote, hasa maji yakiwa na tope kidogo. Perege hukubali donge la ugali mgumu lenye ukubwa wa harage. Kambale hutafuta kwa harufu na kwa sharubu zake kuliko kwa macho, basi mtieni utumbo wa kuku au kipande cha ini, tena usiku au jioni.

Kuna pia chambo cha bandia. Kwa trauti, chukueni unyoya wa shingo ya jogoo, mwuzungushe juu ya ndoana ndogo na kuufunga kwa uzi mweusi. Ukielea majini huonekana kama mdudu. Kwa samaki wawindao wenzao, kateni mpini wa kijiko kikuukuu, mtoboe tundu kila upande, mfunge mshipi upande mmoja na ndoana upande wa pili. Kikivutwa polepole humetameta na kuyumba kama samaki mdogo aliyejeruhiwa. Chambo cha namna hii hakitulii majini. Mkono wa mvuvi ndio uhai wake.

Mahali na wakati

Samaki wa mtoni huelekeza kichwa kule maji yatokako, akingojea chakula kiletwe na mkondo. Basi msogeleeni kutoka nyuma, yaani mkitoka chini kwenda juu. Hapendi kupigana na maji mchana kutwa, hivyo mtafuteni nyuma ya jiwe kubwa, penye mizizi ya ukingoni, katika kona, na pale ambapo maji ya kasi hukutana na maji tulivu.

Tembeeni taratibu. Ubavuni mwa samaki kuna mstari wa viungo vya hisia umwezeshao kutambua mtikisiko wa maji, na kishindo cha miguu ukingoni humfikia. Kivuli chenu pia kisitangulie mbele yenu.

Kiangazi cha Juni mpaka Agosti msiende alfajiri kwa kuiga wavuvi wa pwani. Ngojeni jua liwapashe samaki kidogo, kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Miezi ya joto, asubuhi na jioni ndizo saa njema.

Kujilinda na kutii sheria

Asiende mtu peke yake. Mawe ya maporomoko huteleza, na mto uliokuwa magotini asubuhi waweza kufika kifuani jioni ikiwa mvua imenyesha juu. Mkisikia mvumo au mkiona maji yamebadilika rangi ghafla, tokeni kwanza, ndipo mtazame. Huko Usangu na Kilombero wako mamba na viboko, na maji yaliyotulia yaweza kuwa na kichocho. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kuvua ni marufuku. Kwingineko ulizeni kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri juu ya leseni.

Njia ya mkato

Sasa nitimize ahadi yangu. Njia ya mkato ni utupa. Nilipokuwa na miaka 12, mimi na wenzangu wanne tulitwanga majani ya utupa, tukayatia katika gunia na kulikamulia katika kidimbwi cha kijito karibu na kwetu. Kabla ya saa moja kwisha samaki walikuwa juu ya maji, matumbo wazi. Tulijaza kapu. Wadogo kama sindano tuliwaacha wakaoza.

Babu yangu alipopata habari hakunipiga. Baada ya majuma mawili alinipa fito yake, akaniambia, "Mjukuu wangu, nenda palepale uniletee kitoweo." Nilikaa mpaka jua likazama, na boya halikutikisika. Niligeuza mawe kutafuta wadudu, nao hawakuwapo. Alinituma Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, na kila mara niliporudi mikono mitupu aliniuliza neno moja tu: "Bado?"

Baadaye shuleni nilijifunza sababu. Utupa una sumu iitwayo rotenoni. Huingia kwa mashavu ya samaki na kuuzuia mwili usiweze kuitumia oksijeni, hivyo samaki hukosa pumzi hali amezungukwa na maji mazuri. Haichagui mkubwa wala mdogo, na wadudu ambao ni chakula chao huwaua pia. Jua na joto huiharibu sumu hiyo upesi, lakini katika maji ya baridi kama yetu hukawia.

Utupa hauko peke yake. Chandarua chenye dawa kikivuliwa samaki hukamata hata vifaranga, na dawa yake, ambayo ni ndugu wa ile ya pareto, ni kali mno kwa samaki. Vivyo hivyo bomba la kupulizia viazi likioshwa mtoni. Nawasihi wazazi wasomao gazeti hili: oshieni bomba shambani, mbali na kijito. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu na kwa baruti, lakini polisi hawezi kusimama katika kila kona ya mto. Huko watakaosimama ni ninyi.

Watasema wengine kuwa wazee walitumia utupa na samaki hawakwisha. Wazee walikuwa wachache, na mito ilikuwa haijabeba mzigo wa dawa za mashamba. Leo Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu 1993 hukauka kiangazi ndani ya hifadhi. Mto uliopungukiwa na maji hauwezi kusamehe kama ule wa zamani.

Basi vueni kwa ndoana. Loweni mikono kabla ya kumshika samaki mdogo, ili msiuondoe ute umkingao na maradhi, kisha mrudisheni taratibu. Chukueni wanaotosha chungu cha siku ile. Perege mwenye mayai kinywani mwacheni aende. Ndani ya kinywa kile mna kitoweo cha wadogo zenu.