Programu ni huru, kifaa kimefungwa

MNUNUZI wa simu au runinga huamini kuwa akishalipa, kifaa ni chake na anaweza kukitumia apendavyo. Hata hivyo, vifaa vingi vya kisasa hubakia chini ya amri ya mtengenezaji hata baada ya kutoka dukani.

Suala hili liliwagawanya vigogo wa programu huria, na chanzo chake kilikuwa kifaa cha kurekodi vipindi vya runinga.

Kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa inayounganisha programu na mitambo ya tarakilishi, kilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GPL, iliyobuniwa na Mmarekani Richard Stallman, mwasisi wa shirika la Free Software Foundation.

Leseni hiyo humruhusu yeyote kutumia, kubadilisha na kusambaza programu, mradi anayeisambaza atoe pia maandishi yake asilia ili wengine waweze kuyasoma na kuyarekebisha.

Kampuni ya TiVo ya Marekani, iliyoanza kuuza vifaa vyake mwaka wa 1999, ilitumia Linux na kutoa maandishi hayo jinsi leseni ilivyotaka. Lakini kifaa chenyewe kiliundwa kukagua saini ya kidijitali kinapowashwa. Programu ikibadilishwa hata kidogo, saini hailingani tena na kifaa hukataa kuiendesha. Ufunguo wa kutia saini hubaki kwa kampuni. Ni kama kumpa mpishi maelezo ya pishi, kisha kumfungia jiko.

Stallman aliona kuwa uhuru umebaki jina tu. Mnamo Juni 29, 2007, shirika lake lilitoa toleo la tatu la leseni, linalomtaka anayeuza vifaa vya matumizi ya nyumbani atoe pia maelezo na funguo za kuwekea programu iliyobadilishwa.

Torvalds alikataa. Kwake, leseni inahusu programu, wala haina mamlaka juu ya mitambo. Anayerudisha marekebisho yake amelipa deni. Septemba 2006, waundaji kadhaa wakuu wa Linux walikuwa wamepinga hadharani rasimu ya leseni hiyo. Hadi leo kiini hicho kingali chini ya toleo la pili.

Uamuzi huo unamgusa Mkenya pia. Simu za Android, zilizoingia sokoni mwaka wa 2008, hutumia kiini cha Linux. Baadhi ya watengenezaji huruhusu kufuli ifunguliwe, wengine hukataa. Mtengenezaji akiacha kutoa masahihisho ya usalama, fundi hawezi kuiokoa rununu iliyofungwa, hata kama dawa ya kasoro hiyo iko wazi kwa wote. Mwenyewe huitumia kwa hatari yake, au huitupa.

Watetezi wa kufuli wana hoja nzito: saini huwazuia wahalifu kupenyeza programu haramu, jambo muhimu pale ambapo simu ndiyo benki. Lakini nyumba pia ina kufuli, na ufunguo hukaa na mwenye nyumba.

Kabla ya kununua simu, uliza itapata masahihisho kwa miaka mingapi, na kama kufuli yake yaweza kufunguliwa. Vinginevyo, utauziwa mbuzi ndani ya gunia.