Wasiwasi si kipimo cha ugonjwa

Ndugu msomaji, yapo mambo mengi yanayowanyima usingizi watu wawili waliooana, lakini ni machache yanayolemea kama shaka kwamba mwenzi wako huenda ana ugonjwa wa zinaa. Kodi ya nyumba husemwa waziwazi. Ada ya shule huzungumzwa hata mbele ya jirani. Shaka hii haisemwi. Hukaa kifuani ikikua, na kila neno la mwenzako, kila safari yake na kila simu anayoipokea pembeni huwa ushahidi mpya.

Makala haya yana jambo moja la kukuambia: shaka ya namna hii haiondolewi kwa kumsaka mkosaji. Huondolewa kwa wote wawili kupimwa, na panapo ugonjwa, kutibiwa kwa wakati mmoja.

Tuchukue hali iliyo ya kawaida. Mbalibali ni kata ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya Serengeti na Tarime, mashamba na mifugo viko nyumbani, bali fedha mara nyingi hutafutwa mbali. Mume yuko kazini Mwanza au Musoma, ama kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, ama anafanya biashara mpakani Sirari. Mke amebaki na watoto na ng'ombe. Baada ya miezi kadhaa mume anarudi kwa likizo. Haupiti muda mrefu, mmoja wao anaona uchafu usio wa kawaida, au anasikia maumivu akienda haja ndogo. Au mke amekwenda kliniki ya wajawazito, akaambiwa kwamba damu yake imeonyesha kaswende. Hapo nyumba nzima huweza kuwaka moto kabla mganga hajasema neno la pili.

DALILI HAZISEMI YOTE

Yafaa ieleweke kwanza kwamba si kila dalili ya sehemu za siri ni ugonjwa wa zinaa. Muwasho na uchafu mweupe mzito kwa mwanamke mara nyingi ni fangasi, nao huweza kumpata hata asiyemjua mwanamume. Mkojo unaochoma huweza kuwa ni maambukizi ya njia ya mkojo tu. Wanawake wengi wamepigwa na kufukuzwa kwa maradhi ambayo dawa ya siku chache ingeyamaliza, na ambayo hayakuletwa na mtu yeyote.

Kwa upande mwingine, kutokuwa na dalili si hati ya usalama. Klamidia na kisonono huweza kukaa mwilini mwa mwanamke pasipo yeye kusikia lolote. Kidonda cha kaswende hakiumi, nacho hupona chenyewe. Ugonjwa wenyewe hubaki ndani ya damu kwa miaka mingi. Virusi vya UKIMWI navyo hukaa miaka kabla ya kumdhoofisha mtu. Hivyo basi, ugonjwa uliogunduliwa leo si lazima uwe umeingia nyumbani jana. Huenda mmoja wenu alikuja nao siku ya harusi, bila kujua.

Ni kweli yapo yanayojitokeza upesi. Kisonono kwa mwanamume kwa kawaida huonekana kati ya siku 2 na 14 tangu kuambukizwa. Lakini hata hapo, dalili humtaja mgonjwa, haimtaji aliyeanza.

FUNZO LA MWANZA

Jirani zetu wa Mwanza wamewahi kuufundisha ulimwengu jambo kubwa juu ya habari hii. Kati ya mwaka 1991 na 1994, wataalamu wa Tanzania na wa nje waliteua jumuiya 12 za vijijini mkoani humo. Katika 6 kati ya hizo, watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu vyema magonjwa ya zinaa, na dawa zikahakikishwa zinapatikana. Jumuiya nyingine 6 ziliendelea na huduma za kawaida kwa muda huo. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995. Katika miaka miwili, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 ya watu waliofuatiliwa kule kwenye huduma bora, na asilimia 1.9 kwingine. Yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40.

Sababu yake ni rahisi kufahamu. Kidonda au uvimbe wa ugonjwa wa zinaa ni mlango uliofunguliwa; virusi hupita humo kwa wepesi. Anayetibu kisonono au kaswende anafunga mlango huo.

Ni Mwanza pia ambako uchunguzi juu ya wajawazito, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba katika kila akina mama 4 waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, 1 alijifungua mtoto mfu. Kwa wasiokuwa na ugonjwa huo, ilikuwa kiasi cha 1 kwa kila 100. Sindano moja ya penisilini, ikitolewa mapema katika ujauzito, ilitosha kumwokoa mtoto. Baba anayekataa kwenda kliniki kwa kuona aibu, na aipime aibu hiyo kwa uzito wa jeneza dogo.

KUTIBIWA MMOJA NI KUTWANGA MAJI

Kosa linalorudiwa sana ni la mmoja kutibiwa kwa siri. Mume hununua vidonge dukani, akapona au akadhani amepona, kisha akarudi kwa mkewe ambaye hakutibiwa, akaambukizwa tena. Mwishowe hulaumu dawa, au humlaumu mke. Aidha, vidonge vinavyonunuliwa nusu dozi huwafanya vijidudu vizoee dawa. Kisonono kimekwisha kuzoea dawa kadhaa zilizokuwa zikikiponya zamani, penisilini ikiwa mojawapo.

Hapana budi wote watibiwe, wamalize dozi, na wajiepushe na tendo la ndoa kwa muda watakaoambiwa na mganga, kwa kawaida siku 7 baada ya wote wawili kutibiwa. Katika nyumba ya wake wengi, "wote" maana yake ni wote. Na katika desturi ya Wakurya ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke huoa mwanamke ili apatiwe watoto, mwanamume anayezaa na binti huyo naye ni mhusika. Asiachwe nje ya hesabu kwa kuwa tu hakutoa mahari.

JINSI YA KULISEMA

Neno la kwanza ndilo gumu. Usiliseme mbele ya watoto, wala wakati mmoja wenu amelewa, wala mbele ya mashemeji. Usianze na swali la "Umeniletea nini?" kwa kuwa swali hilo hujibiwa kwa hasira au kwa uongo. Anza na hali yako mwenyewe: "Mama watoto, mwili wangu hauko sawa. Naomba twende sote tukapimwe." Au: "Baba watoto, kliniki wameniambia tuje wawili." Anayeombwa kufuatana na mwenzake hajashtakiwa.

Wala si jambo la fedheha. Tarehe 14 Julai 2007 haikuwa siku ya watu wa chini peke yao: Rais wa wakati huo, Ndugu Jakaya Kikwete, na mkewe Mama Salma walipima virusi vya UKIMWI hadharani jijini Dar es Salaam, walipozindua kampeni ya taifa ya upimaji.

Kama unahofia kupigwa, usiseme peke yako. Mweleze muuguzi au mshauri wa zahanati kwanza. Yeye anajua namna ya kumwita mwenzako. Kipigo kikitokea, lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi.

Mjue na haki zenu. Kwa sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, mtu halazimishwi kupimwa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na majibu yake ni siri. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka aliyekwisha kujua kuwa ana virusi amwarifu mwenzi wake.

MAJIBU YAKIJA

Majibu huweza kutofautiana: mmoja ana virusi, mwingine hana. Hali hiyo ipo, wala haimaanishi kipimo kimekosea au mmoja amerogwa. Mwenye virusi akimeza dawa kila siku hata virusi visionekane tena katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Na aliyekutana na hatari hivi karibuni asingoje: dawa za kinga hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita.

Kipimo cha virusi kikiwa safi, rudieni baada ya miezi 3 tangu siku ya hatari, kwa maana maambukizo mapya hayaonekani mara moja. Tumieni kondomu katika kipindi hicho.

Wapo ambao, hata baada ya majibu safi ya mara ya pili, moyo hautulii. Hupima kila mwezi, huchunguza miili yao usiku kwa taa, hupekua mifuko ya mwenzao. Ndugu msomaji, ukifika hapo jua kwamba ugonjwa uliobaki si wa zinaa, ni wa hofu. Nao pia una tiba. Mwone mshauri, umweleze yote. Na kama kilichobaki ni swali la uaminifu, hilo damu haiwezi kulijibu. Lijibiwe ninyi wawili, mkiwa mmetulia na mmepona.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ikiwa shaka hii imo nyumbani mwako leo, usiilaze nayo usiku mwingine. Mwambie mwenzako, na kesho asubuhi ongozaneni hadi zahanati iliyo karibu.