Cheo, Mauti na Mapango ya Taita

Katika milima ya Taita, pande za Wundanyi, yapo mapango ambamo mafuvu ya wazee wa kale yamepangwa safu kwa safu juu ya mwamba. Kwani ilikuwa ada ya Wadawida, yaani Wataita wa milima hiyo, kabla Ukristo haujaenea baada ya wamisionari kufika Sagalla mwaka 1883, kulifukua kaburi la mzee baada ya muda, kulitwaa fuvu lake na kuliweka pamoja na ya babu zake, na ukame au maradhi yalipozidi, jamaa walikwenda pale kutambika. Hivyo Mdawida alijua tangu ujanani mahali atakapowekwa na nasaba atakayokaa nayo, na alijua pia kwamba heshima hiyo haipatikani pasipo jamaa wa kuja kumfukua, hata awe na ng'ombe wengi kiasi gani.

Voi, mji ulio chini ya milima hiyo, ulikuzwa na reli mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo vijana wa milimani wameshuka kutafuta riziki na cheo, wengine wakafika Mombasa na Nairobi. Sisemi kwamba kutamani cheo ni haramu, maana watoto hula na kusoma kwa mshahara. Nasema kwamba cheo hakina jamaa.

Mtazame David Sheldrick, mkuu wa kwanza wa hifadhi ya Tsavo Mashariki, ambaye kwa karibu miaka 30 aliishi jirani na Voi akifungua barabara, akipambana na majangili, na pamoja na mkewe Daphne akiwalea wanyama waliofiwa na mama zao, hata mwaka 1976 akahamishiwa kazi ya Nairobi, na mwaka uliofuata akafariki kwa maradhi ya moyo kabla ya kutimiza miaka 60. Kazi ile ya Nairobi leo ni wachache waikumbukao. Lakini malezi ya yatima yaliendelezwa na mjane wake hadi alipofariki naye mwaka 2018, na mpaka sasa tembo waliokuzwa kwa chupa hurudishwa porini karibu na Voi.

Lakini aghalabu mtu hungoja neno la daktari kwamba mauti i karibu ndipo aulize anamfanyia nani kazi, ilhali wakati huo nguvu za kubadili mambo zimekwisha kupungua. Kwa rai yangu, njia iliyo bora ni kuandika wasia mtu angali mzima, kwa sababu anapoyataja majina ya atakaowaachia, hutambua mwenyewe ni yupi ambaye hajaketi naye kula tangu mwaka juzi, na zamu ipi ya ziada ndiyo iliyomzuia. Msomaji, usingoje uzee: sheria ya Kenya humruhusu kila mtu mzima mwenye akili timamu kuandika wasia, na unachohitaji zaidi ya sahihi yako ni mashahidi wawili.