Baiskeli ya mtoto milimani: Uzito uweke kwenye tairi, si kwenye ringi ya chuma

Ukitoka Mombo kwenda Lushoto, barabara inapanda karibu mita 1,000 ndani ya takriban kilomita 33. Chini, Mombo, kuna joto, mkonge na miba. Juu, katika mji wa Lushoto ulio mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, kuna baridi, ukungu na njia za udongo mwekundu ambazo mvua ikinyesha huteleza kama zimepakwa sabuni. Katikati ni kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili.

Katika milima hiyo ya Usambara ndimo wazazi wengi wanamonunulia watoto baiskeli, hasa Januari, mtoto anapoanza kidato cha kwanza na shule imekuwa mbali kuliko ile ya msingi. Dukani, baada ya kuuliza bei, baba huinyanyua baiskeli kwa mkono mmoja. Ikiwa nyepesi, ana wasiwasi: hii si itavunjika? Ikiwa nzito, mama naye anauliza: mtoto ataipandishaje mlima?

Maswali yote mawili ni ya haki. Jibu lake haliko kwenye fremu wala kwenye rangi. Liko chini, kwenye magurudumu.

Kilo moja ina gharama gani?

Tuanze na mlima wenyewe. Chukulia mtoto wa miaka 14 mwenye kilo 45, na baiskeli ya kawaida ya gia yenye kilo 15. Jumla ni kilo 60, na hizo zote ndizo miguu yake inazozipandisha. Ukimpunguzia kilo nzima kwenye magurudumu, umepunguza sehemu moja tu kati ya 60. Kwa mlima mkali ambao angeupanda kwa saa mbili, ataokoa kama dakika mbili.

Ni kweli kwamba uzito ulio kwenye ringi na tairi huhisiwa zaidi kuliko ulio kwenye fremu wakati wa kuondoka. Sababu ni kwamba gurudumu halisongi mbele tu, linazunguka pia, na kulianzisha kuzunguka kunataka nguvu yake. Ndiyo maana baiskeli yenye magurudumu mepesi huitika haraka unapokanyaga pedeli. Lakini ikishachukua mwendo wa kupanda polepole, kilo ni kilo, iwe kwenye tairi au kwenye begi la madaftari.

Sasa linganisha dakika hizo mbili na pancha njiani. Mwenye pampu na viraka atapoteza nusu saa. Asiye navyo atasukuma baiskeli hadi nyumbani. Mtoto anayetoka masomo ya ziada jioni, giza likiwa linaingia haraka kwa sababu ya milima na ukungu, ataonekana mlangoni usiku. Kwa mtoto wa kike, hiyo ndiyo safari ambayo kila mzazi huihofia.

Jiwe na tairi jembamba

Njia za Usambara zina maadui wawili. Chini kwenye tambarare ni miba ya migunga. Juu, kuelekea Magamba, Mlalo au Mtae, ni mawe yenye ncha na makorongo yaliyochimbwa na maji. Tairi jepesi la mashindano hushindwa na wote wawili, kwa kuwa wepesi wake umepatikana kwa kupunguza mpira na kufanya mbavu zake kuwa nyembamba.

Mbavu ndizo sehemu ya kuangalia kwanza. Mwiba ukitoboa katikati, kiraka kinatosha. Jiwe likichana ubavu, kiraka cha tyubu hakisaidii, maana tyubu itachungulia kwenye mpasuko na kupasuka. Njiani unaweza kuweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani ili ufike nyumbani, lakini tairi hilo limekwisha.

Kuna pancha nyingine ambayo wengi huilaumu miba bure. Ukifungua tyubu na kukuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, hakuna mwiba hapo. Gurudumu lilipiga jiwe, na tyubu ikabanwa kati ya jiwe na kingo za ringi. Chanzo chake ni tairi jembamba, upepo mdogo, au vyote viwili.

Kwa hiyo upana una maana. Kwa baiskeli ya inchi 26, tairi la upana wa inchi 2.0 hadi 2.2 hubeba hewa ya kutosha kumeza mawe kabla hayajafika kwenye ringi. Litaongeza gramu mia kadhaa kwa kila gurudumu, na gramu hizo zina kazi. Hakikisha tu kwamba kila upande inabaki nafasi ya kupitisha kidole kati ya tairi na fremu. Bila nafasi hiyo, tope la masika litakwama hapo na gurudumu litagoma kuzunguka.

Tairi lenye waya pembezoni ni zito kidogo kuliko lile linalokunjika, lakini ni rahisi kwa bei na madukani linapatikana zaidi. Kwa mtoto wa shule linatosha. Tyubu nayo iwe ya kawaida, si ile nyembamba ya mashindano.

Na upepo? Wengi hujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe. Tairi la namna hiyo hudunda kwenye kokoto badala ya kushika njia, na mtoto mwepesi hurushwa kwenye kona. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kipimo cha chini na cha juu. Mtoto wa kilo 40 hadi 50 anapaswa kukaa karibu na kipimo cha chini, mtu mzima au mwenye mzigo apande zaidi.

Mtego wa ringi ya chuma

Mpaka hapa mzazi anaweza kusema: basi nitachukua kila kitu kizito. Hapo ndipo penye kosa.

Ringi ya chuma inayong'aa ina sifa zake. Ikigonga shimo hupinda badala ya kupasuka, na fundi anaweza kuinyoosha kwa nyundo. Baiskeli kubwa za keria zimebeba magunia kwa ringi hizo miaka nenda rudi. Kwenye tambarare, na wakati wa kiangazi, mzazi hana cha kulalamikia.

Tatizo ni mvua. Raba za breki zikibana chuma kilicholowa, huteleza. Mtoto anabana breki kwa nguvu zake zote na baiskeli inaendelea kushuka. Umbali wa kusimama huongezeka mara kadhaa ukilinganisha na siku kavu. Ringi ya alumini nayo hupoteza nguvu ya breki ikilowa, ila si kwa kiasi hicho, na hurejea mapema baada ya raba kufuta maji.

Kwa mtoto anayeshuka kutoka Magamba kwenda Lushoto mjini asubuhi ya ukungu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atasimama kabla ya kona au baada yake. Ringi ya chuma inadumu, lakini kudumu kwa ringi si usalama wa anayeipanda.

Ringi ya alumini nayo si zote sawa. Iliyo imara ina kuta mbili: ndani yake kuna uwazi, na vichwa vya spoku vimezama kwenye matundu yenye kina. Ya ukuta mmoja ni nyepesi zaidi lakini hupinda mapema. Kwa njia za mawe, chukua ya kuta mbili, na kama mtoto atabeba ndoo ya maji au mdogo wake kwenye keria, gurudumu la nyuma liwe na spoku 36.

Ringi za kaboni, zinazopendwa na wanamashindano, ni nyepesi na za bei kubwa. Jiwe likiipasua, hakuna nyundo ya fundi wa kijijini itakayoirudisha.

Walijifunza kwenye mteremko

Hata walioanzisha baiskeli za milimani walipita njia hii. Miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California nchini Marekani, walikuwa wakishuka milimani kwa baiskeli kuukuu za chuma zenye matairi manene. Mwaka 1976 walianza kushindana kwenye mteremko ulioshuka karibu mita 400 ndani ya kilomita zipatazo 3. Breki zao zilikuwa za kukanyaga kinyumenyume, zilizo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Zilipata moto mpaka grisi ikaungua na kutoka kama moshi, na baada ya mbio ilibidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Ndiyo asili ya jina la mbio hizo, Repack.

Miaka michache baadaye, ringi za alumini za inchi 26 zilipopatikana, waliziacha zile za chuma. Uzito ukapungua na breki zikawa bora. Tairi nene hawakuliacha. Waliokuwa wakiteremka kila wiki waliona wenyewe ni uzito upi wa kuutupa na upi wa kubaki nao.

Karibu nasi zaidi kuna mfano wa Buffalo, baiskeli ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005. Ina uzito wa zaidi ya kilo 20, spoku nene na matairi magumu kutobolewa, na keria yake hubeba kilo 100. Breki yake iko ndani ya kitovu, kwa hiyo mvua haiigusi. Utafiti uliofanywa Zambia na Innovations for Poverty Action ulionyesha kuwa utoro wa wasichana waliopewa baiskeli hizo ulipungua kwa asilimia 28. Uimara uliwafikisha darasani.

Lakini mzazi wa Soni au Bumbuli asinakili tu. Baiskeli nzito isiyo na gia, kwenye mlima wa Usambara, mtoto ataisukuma zaidi ya kuipanda. Na breki ya kitovu pekee kwenye mteremko mrefu hupata moto kama ilivyokuwa California. Hapa mtoto anahitaji gia na breki mbili zinazofanya kazi.

Kagua hivi kabla ya kulipa

Ukaguzi huu hauhitaji fundi, na unafaa zaidi kwa baiskeli za mtumba:

1. Beba sumaku ndogo, hata ya spika mbovu ya redio. Ikinasa kwenye ringi, ni chuma. Isiponasa, ni alumini.

2. Nyanyua gurudumu na ulizungushe huku ukitazama nafasi kati ya ringi na raba za breki. Likiyumba kidogo, fundi atakaza spoku. Likiyumba sana, omba lingine au punguziwa bei.

3. Binya spoku mbilimbili kwa vidole, au zidonoe kama nyuzi za gitaa. Iliyolegea huonekana mara moja. Gurudumu jepesi lenye spoku zilizokazwa sawasawa hushinda zito lenye spoku zilizolegea.

4. Pitisha ukucha pale raba za breki zinapobana ringi. Kukiwa na bonde, ringi imeliwa na breki na inaweza kupasuka.

5. Kunja ubavu wa tairi. Ukiona nyufa au nyuzi zimejitokeza, hesabu bei ya tairi jipya juu ya bei uliyotajiwa, hata kama kashata bado zinaonekana nzuri.

6. Soma saizi. Matairi na tyubu za inchi 26 hupatikana kwa urahisi zaidi vijijini kuliko za 27.5 au 29. Gurudumu bora lisilo na tairi la kubadilisha ni pambo la ukutani.

7. Jaribu breki zote mbili. Iliyong'olewa breki ya mbele irudishiwe kabla mtoto hajaipanda. Kama breki ni za diski, mvua juu ya ringi si tatizo, lakini kagua unene wa vipande vinavyobana diski na uulize kama vinapatikana karibu.

Ikiwa baiskeli unayoiweza ina ringi za chuma, usikate tamaa. Anza kubadilisha gurudumu la mbele, maana ndilo linalobeba kazi kubwa ya kusimamisha baiskeli kwenye mteremko. La nyuma lisubiri mavuno yajayo.

Uzito mwingine unaofaa kubebwa

Pampu ndogo, tyubu moja ya akiba, viraka na solusheni, pamoja na vibao viwili vya kutolea tairi, havifiki hata kilo moja. Kwa hesabu ile ya mwanzo, vitamchelewesha mtoto pungufu ya dakika mbili kwa saa mbili za mlima, na vitamrudisha nyumbani kabla ya giza.

Jumamosi moja, mkalishe chini, binti au mvulana, mtoe upepo kwenye tairi na mwachie aliziba mwenyewe mpaka aweze bila msaada. Kisha, siku ya mvua nyepesi, mpeleke sehemu yenye mteremko mdogo usio na magari, ajaribu kusimama. Mfundishe kubana breki mapema na kwa vipindi ili raba zifute maji, asisubiri kona. Akishuka mteremko mrefu, apumzike njiani ringi zipoe, kwa sababu joto la breki huweza kulegeza viraka.

Hapo utajua mambo mawili ambayo mwenye duka hawezi kukuambia: mtoto wako anasimama umbali gani, na magurudumu uliyomnunulia yanamsikiliza kiasi gani.